Fankisheni imekatika? Pima mwendelezo uliobaki

Fungua daftari uandike fankisheni hii: f(x) = sin(1/x) kwa kila x isiyo sifuri, na pale sifuri f(0) = c, ambapo c ni namba utakayoichagua mwenyewe. Chora grafu yake taratibu. Mbali na sifuri mstari umetulia. Kadiri unavyosogea karibu na sifuri mawimbi yanabanana, yanapanda mpaka 1, yanashuka mpaka −1, na hayaachi. Hakuna c itakayoituliza. Chagua uitakayo, fankisheni hii imekatika pale sifuri.

Wanafunzi wengi wakifika hapo huandika "haina mwendelezo" na kufunga daftari. Nilifanya hivyo mwaka wa pili wa chuo, kwenye swali la alama 10, nikapewa 2. Iliniuma kwa muda mrefu, kwa sababu nilichoandika kilikuwa kweli. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba swali lilitaka niseme ni mwendelezo gani uliovunjika na ni upi uliosalia. Mwendelezo si taa ya kuwasha na kuzima. Ni mkusanyiko wa sifa kadhaa, na fankisheni inaweza kupoteza moja ikabaki na nyingine tatu. Hiyo c yetu ukiiweka 2, au 1, au 1/2, au 0, unapata fankisheni nne zenye tabia tofauti kabisa, ingawa zimetofautiana katika nukta moja tu.

Tuelewane maneno kwanza. Namba wiano ni zile zinazoandikika kama sehemu, kiasi juu ya asili, mfano 7/5. Zisizo wiano ni kama kipeuo cha pili cha 2. Kipande ni namba zote zilizo kati ya ncha mbili. Kipande wazi hakihesabu ncha zake, kilichofungwa kinazihesabu. Na mwendelezo wa kawaida katika nukta a maana yake ni hii: mtu akikutajia kosa dogo analoweza kulivumilia, tuliite ε, wewe unaweza kumtajia umbali δ kutoka a ambao ndani yake hakuna thamani ya fankisheni inayopishana na f(a) kwa ε au zaidi.

Hatua ya 1: Pima mtikisiko wa kila nukta

Zungushia nukta a kipande kidogo. Tafuta upeo wa juu na upeo wa chini wa thamani za fankisheni ndani yake, toa, upate tofauti. Punguza kipande, rudia. Tofauti hiyo haiongezeki kamwe, na namba inayoikaribia ndiyo mtikisiko wa fankisheni pale a. Mtikisiko ukiwa sifuri, mwendelezo upo. Ukiwa zaidi ya sifuri, umekatika, na sasa unajua umekatika kwa kiasi gani. Kwa fankisheni yetu pale sifuri, mtikisiko ni 2 ikiwa c iko kati ya −1 na 1. Ukiweka c = 2 mtikisiko unakuwa 3.

Hatua hii usiifanye kwa macho tu. Nitakuonyesha kwa mfano wa Johannes Thomae, Mjerumani aliyeutoa mwaka 1875. Fankisheni yake inatoa 0 kwa kila namba isiyo wiano, na inatoa 1/q kwa kila namba wiano p/q iliyorahisishwa kabisa. Kwa hiyo pale 1/2 inatoa 1/2, pale 7/5 inatoa 1/5, pale 17/12 inatoa 1/12. Ukiitazama harakaharaka unadhani imevurugika kila mahali.

Simama pale kipeuo cha pili cha 2, yaani 1.41421 na kuendelea. Thamani hapo ni 0. Mtu anakupa ε = 1/10. Ni namba zipi zinaweza kukusumbua? Ni sehemu zenye asili isiyozidi 10 tu, na hizo kati ya 1 na 2 zinahesabika mpaka mwisho. Ziandike: 4/3, 7/5, 10/7, 11/8, 13/9 na wenzao. Iliyo karibu zaidi ni 7/5, yaani 1.4, umbali wa kama 0.0142. Ya pili ni 10/7, yaani 1.42857, umbali wa kama 0.0144. Basi chagua δ = 0.014. Ndani ya umbali huo kila sehemu ina asili ya 11 au zaidi, kwa hiyo thamani haizidi 1/11. Umeshinda. Akikupa ε ndogo zaidi, orodha ya wasumbufu itarefuka lakini bado itakuwa na mwisho, na utawakwepa vilevile. Hivyo fankisheni hii ina mwendelezo katika kila namba isiyo wiano, na imekatika katika kila namba wiano, ambako mtikisiko ni 1/q. Nakusihi uifanye hesabu hii kwa mkono wako na nukta nyingine, hata π. Ndipo utakapoacha kuogopa ε na δ.

Je, kinyume chake kinawezekana, yaani mwendelezo katika namba wiano peke yake? Haiwezekani. Vito Volterra alithibitisha hivyo mwaka 1881, akiwa bado mwanafunzi. Sababu iko kwenye mtikisiko wenyewe: nukta zenye mtikisiko chini ya 1/n huunda seti wazi, yaani kila nukta yake ina kipande wazi kinachoizunguka kilichomo chote ndani ya seti, na nukta za mwendelezo ni zile zilizomo katika seti hizo zote kwa pamoja, kwa n = 1, 2, 3 na kuendelea. Seti ya namba wiano haiwezi kupatikana kwa njia hiyo.

Hatua ya 2: Uliza kama imekatika upande mmoja tu

Ufafanuzi wa mwendelezo una ahadi mbili ndani yake. Moja inasema jirani hawatakuzidi sana, nyingine inasema hawatakuwa chini yako sana. Zitenganishe. Fankisheni inayotimiza ahadi ya kwanza ina mwendelezo-nusu wa juu. Inayotimiza ya pili ina mwendelezo-nusu wa chini.

Umri ni mfano mzuri. Mtoto aliyetimiza miaka 6 husemwa ana 6 mpaka siku anapotimiza 7, na siku hiyohiyo anahesabiwa 7. Katika nukta ya mruko, thamani imeshapanda juu. Jirani wa nyuma wako chini, wa mbele wako sawa nayo, hakuna anayeizidi. Huo ni mwendelezo-nusu wa juu. Fankisheni ya Thomae nayo ni ya juu, kwa sababu jirani wa nukta yoyote hushuka kuelekea 0.

Faida ya kuijua sifa hii ni kubwa. Fankisheni yenye mwendelezo-nusu wa juu kwenye kipande kilichofungwa lazima iwe na kilele inachokifikia kweli. Kwa hiyo ukiulizwa kama fankisheni iliyokatika ina thamani kubwa kuliko zote, usiseme "hatujui". Kagua upande.

Hatua ya 3: Je, inaruka thamani za katikati?

Hapa ndipo panaponivutia kuliko sehemu nyingine yoyote ya somo hili.

Mwaka 1817, huko Prague, Bernard Bolzano alithibitisha jambo ambalo wengi waliliona halihitaji uthibitisho: fankisheni yenye mwendelezo ikitoka thamani moja kwenda nyingine, hupitia zote zilizo katikati. Kwa muda mrefu baada yake wapo waliodhani kwamba kupitia thamani zote za katikati na kuwa na mwendelezo ni kitu kimoja. Gaston Darboux, Mfaransa, mwaka 1875 alionyesha kwamba sivyo, na tangu hapo sifa ya kutoruka thamani za katikati inaitwa kwa jina lake.

Ipime kwenye fankisheni yetu. Chukua c = 1/2. Kipande chochote kinachogusa sifuri, hata kiwe chembamba namna gani, tayari kina mawimbi yanayopitia kila thamani kutoka −1 mpaka 1, na 1/2 ni mojawapo. Hakuna kilichorukwa. Sifa ya Darboux ipo, wakati mwendelezo haupo. Sasa weka c = 2. Kutoka 1 kwenda 2 kuna 1.5, na hakuna x inayotoa 1.5. Sifa imekufa.

Darboux alithibitisha pia kwamba kila derivativu ina sifa hii, yaani kila fankisheni inayotokana na mteremko wa grafu nyingine, iwe na mwendelezo au isiwe nao. Uthibitisho ni mfupi na ningependa uukariri. Tuseme mteremko wa F pale a ni chini ya k, na pale b ni zaidi ya k. Tengeneza g(x) = F(x) − kx. Fankisheni g ina mwendelezo, kwa hiyo ina sehemu ya chini kabisa kati ya a na b. Pale a inashuka, kwa hiyo chini kabisa si pale. Pale b ilikuwa ikipanda, kwa hiyo si pale pia. Basi ni mahali fulani katikati, na hapo mteremko wa g ni sifuri, maana yake mteremko wa F ni k kamili.

Matumizi ya haraka: ukiona fankisheni yenye mruko, kama ile ya umri, jua papo hapo kwamba si derivativu ya kitu chochote. Usipoteze muda kuitafutia mzazi.

Angalizo moja. Sifa ya Darboux haistahimili kujumlishwa. Chukua sin(1/x) yenye c = 0, ujumlishe na −sin(1/x) yenye thamani 1 pale sifuri. Zote mbili zina sifa hiyo, lakini jumla yake ni 0 kila mahali isipokuwa 1 pale sifuri, na hiyo imeruka thamani zote za katikati. Nimeona uthibitisho mwingi wa wanafunzi ukianguka kwa kudhani kwamba jumla iko salama.

Tena usiichukulie sifa hii kuwa dalili ya utulivu. John Conway alitengeneza fankisheni kwa kuandika namba katika mfumo wa kizio cha 13, ambayo inapitia kila namba halisi ndani ya kila kipande, hata kile chembamba kuliko unywele. Ina sifa ya Darboux kikamilifu, na imekatika katika kila nukta.

Hatua ya 4: Itafutie ngazi ya Baire

René Baire aliandika tasnifu yake mwaka 1899, katika miaka aliyokuwa akifundisha sekondari. Aliuliza swali rahisi: ni fankisheni zipi zinazopatikana kwa kuchukua kikomo, yaani thamani inayokaribiwa, cha mfuatano wa fankisheni zenye mwendelezo, nukta kwa nukta? Hizo zinaitwa za ngazi ya kwanza.

Jinsi ya kukagua: jaribu kuujenga mfuatano kwa mkono. Kwa fankisheni yetu, iache sin(1/x) ilivyo nje ya kipande cha kutoka −1/n mpaka 1/n. Ndani yake, weka c pale sifuri na uunganishe kwa mistari iliyonyooka. Kila fankisheni katika mfuatano huu ina mwendelezo, na kila x isiyo sifuri mwishowe hubaki nje ya kipande kinachofinywa. Kwa hiyo yetu ni ya ngazi ya kwanza, kwa c yoyote ile, hata 2. Derivativu nazo zote ni za ngazi ya kwanza, kwa sababu mteremko ni kikomo cha n(F(x + 1/n) − F(x)).

Ukishindwa kujenga mfuatano, tumia kipimo cha Baire mwenyewe. Ibane fankisheni kwenye seti yoyote iliyofungwa (yenye nukta zake zote za mpakani) isiyo tupu. Ya ngazi ya kwanza lazima ibaki na angalau nukta moja ya mwendelezo ndani ya seti hiyo. Fankisheni aliyoitaja Dirichlet mwaka 1829, yenye thamani moja kwa namba wiano na nyingine kwa zisizo wiano, tuseme 1 na 0, haina nukta ya mwendelezo hata moja. Imeanguka. Lakini haiko mbali: chukua cos(m!πx), ambapo m! ni zao la 1 × 2 × 3 mpaka m, uipandishe kwenye kipeo cha 2n, ikuze n bila mwisho, kisha m. Ikiwa x = p/q na m imefika q, basi m!x ni namba nzima na thamani ni 1; kwa x isiyo wiano kosini iko chini ya 1 kwa ukubwa na kipeo kinaimaliza. Vikomo viwili, ngazi ya pili.

Hatua ya 5: Kwazi, au mwendelezo wa kuwa na jirani wa kweli

Jina la mwendelezo-kwazi lilitolewa na Stefan Kempisty mwaka 1932. Sharti lake: kila ukizungushia a kipande, hata kiwe kidogo vipi, uweze kukuta ndani yake kipande kingine wazi ambamo thamani zote ziko karibu na f(a). Zingatia kwamba a si lazima iwemo katika hicho kipande cha pili. Inatosha kiwe jirani.

Umri unafaulu, kwa kuwa baada ya siku ya kuzaliwa kuna mwaka mzima wenye thamani ileile. Fankisheni yetu inafaulu kwa c yoyote kati ya −1 na 1, kwa sababu wimbi linapopita karibu na c hukaa karibu nayo kwa muda. Kwa c = 2 inashindwa. Thomae naye anashindwa kwenye namba wiano: pale 1/2 thamani ni 1/2, lakini kila kipande kimejaa namba zisizo wiano zenye 0. Hapa ndipo unapoona kwamba kuwa na nukta nyingi za mwendelezo hakukuhakikishii kwazi.

Hatua ya 6: Takribani, kwa kupuuza kilicho kidogo

Arnaud Denjoy, mwaka 1915, aliruhusu jirani wachache wakorofi mradi wawe wachache kweli. Fankisheni ina mwendelezo wa takribani pale a ikiwa, kwa kila ε, sehemu ya jirani wanaopishana na f(a) kwa ε au zaidi inaelekea sifuri kadiri unavyokaza kipande kuizunguka a.

Mfano: weka 1 kwenye vipande vinavyoanzia 1/n vyenye upana wa 1/n³, kwa n kuanzia 2, na 0 kwingine kote. Karibu na sifuri miiba haiishi, kwa hiyo mwendelezo wa kawaida haupo pale. Lakini ukisimama kwenye umbali wa 1/N, jumla ya upana wa miiba iliyobaki ni kama 1/(2N²), na ukiigawa kwa 1/N unabaki na kama 1/(2N), ambayo inakwisha. Mwendelezo wa takribani upo.

Fankisheni yetu yenye c = 0 haifaulu. Karibu na sifuri, sehemu ambayo sin(1/x) iko kati ya −1/2 na 1/2 ni kama theluthi moja tu. Theluthi mbili zinakataa, na hazipungui.

Hatua ya 7: Rudi kwenye c uandike hukumu yako

Kwa c = 2: ngazi ya kwanza ya Baire, mwendelezo-nusu wa juu pale sifuri, basi. Hakuna Darboux, hakuna kwazi.

Kwa c = 1: vyote hivyo viwili vimebaki, na Darboux na kwazi vimeongezeka.

Kwa c = 1/2: Darboux, kwazi, ngazi ya kwanza. Mwendelezo-nusu umepotea pande zote mbili.

Kwa c = 0: orodha inaonekana ileile kama ya 1/2, na hapa wengi huteleza. Iangalie F(x) = x² cos(1/x), yenye F(0) = 0. Mteremko wake ni 2x cos(1/x) + sin(1/x), na pale sifuri ni 0. Toa 2x cos(1/x), ambayo ina mwendelezo ukiijaza 0 pale sifuri, na kila fankisheni yenye mwendelezo ni derivativu. Kinachobaki ni fankisheni yetu yenye c = 0. Basi ni derivativu halali. Yenye c = 1/2 sivyo, kwa sababu tofauti ya hizo mbili ni 0 kila mahali isipokuwa 1/2 pale sifuri, na zote zingekuwa derivativu, tofauti hiyo ingekuwa derivativu pia huku ikiruka thamani za katikati. Kwa hiyo Darboux na ngazi ya kwanza, hata vikiwa pamoja, havitoshi kuifanya fankisheni iwe derivativu.

Fanya hatua hizo zote mwenyewe kwa fankisheni hii: inatoa x kwa namba wiano, na −x kwa zisizo wiano. Anza na mtikisiko. Utakuta ni mara mbili ya umbali wa nukta kutoka sifuri, kwa hiyo mwendelezo uko pale sifuri peke yake. Darboux ijaribu kati ya 1 na 2, na uitafute thamani ya kipeuo cha pili cha 2. Ukimaliza zote na kuona karibu kila kitu kimevunjika, kumbuka theoremu ya Henry Blumberg ya mwaka 1922: kila fankisheni ya namba halisi, hata iwe mbaya namna gani, ina seti iliyosambaa kila mahali ambayo ukiibana fankisheni humo, inakuwa na mwendelezo. Kwa hii yako huna haja ya kuitafuta mbali. Ibane kwenye namba wiano, na kilichobaki ni mstari ulionyooka.